Uliza Ujibiwe: Bakteria akizima mota anasimama papo hapo

Toleo lililopita nilijibu swali moja fupi kuhusu bakteria wanavyotembea, nikaandika harakaharaka kwamba "wanachapa mkia kama mjeledi", basi tangu siku hiyo sijapumua. Mmeniandikia kweli kweli. Wengine wamenisahihisha, wengine wametaka niendelee, na mmoja kauliza kama fizikia niliisoma au niliichungulia tu dirishani. Niliisoma jamani, ila kukosea nimekosea, kwa hiyo safari hii safu nzima tunabaki hapohapo kwenye mwendo wa seli.

Habari za kazi. Umesema flajela ya bakteria inachapa kama mjeledi. Hapana ndugu yangu, inazunguka kama pangaboi. Nafundisha hili kila mwaka, na sasa wanafunzi wameleta jarida lako darasani kunionyesha kwamba mimi ndo nimekosea. Naomba urekebishe.
*Mwalimu wa bayolojia*

Mwalimu, pole sana, na hao vijana waambie mwalimu wao yuko sahihi na jarida ndo limeteleza. Mjeledi ni wa mbegu za kiume na seli nyingine kubwa kubwa. Mkia wa bakteria ni uzi mgumu kiasi, umejipinda kama springi, wenyewe hauna uhai wowote wala hauwezi kujikunja, kazi yote inafanywa na mota iliyopachikwa kwenye ganda la seli, mota yenye upana wa kama nanomita 45 hivi (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni). Inazungusha ule uzi mara 100 na kitu kwa sekunde. Na haitumii ATP, ile kemikali ya kubebea nishati ndani ya seli, kama watu wengi wanavyodhani, inaendeshwa na protoni, chembe ndogo mno zenye chaji, zinazotoka nje kuingia ndani ya seli, kama maji yanavyoporomoka kuzungusha gurudumu la kinu, mzunguko mmoja unakula protoni zaidi ya 1000.

Najitetea kidogo: hata wataalamu waliamini mjeledi kwa miaka mingi sana. Ni mwaka 1973 ndo Howard Berg na Robert Anderson walipojenga hoja kwamba lazima uzi uwe unazunguka, na mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon wakaja na jaribio ambalo mimi nikilifikiria mpaka leo natabasamu. Walichukua bakteria wenye kisiki tu cha mkia, wakakinasisha kisiki hicho kwenye kioo kwa kutumia kingamwili, yaani gundi inayokamata mkia na si mwili. Sasa fikiria umeshika mapanga ya feni ndogo yasizunguke halafu feni yenyewe umeiacha inaning'inia na umeme unawaka: itazunguka feni nzima. Ndo walichokiona kwenye hadubini. Mwili wa bakteria ukawa unazunguka pale kwenye kioo, raundi kadhaa kwa sekunde, polepole kiasi cha kufuatiliwa kwa jicho, kisha ghafla unageuza na kuzungukia upande mwingine. Kama ingekuwa mjeledi mwili ungetikisika huku na huku tu. Kesi ikaisha hapo.

Na huko kugeuza sio pambo. Kwa E. coli, yule bakteria wa utumboni, mikia iko kadhaa, mota zikizunguka kinyume cha saa mikia yote inajisuka pamoja kuwa fungu moja na bakteria anaenda mbele kwa kama sekunde moja, mota zikigeuza fungu linafumuka, bakteria anapinduka pinduka kwa sehemu ya kumi ya sekunde, halafu anaanza upya kuelekea popote pale alipoangukia. Hana usukani. Ana kwenda na kupinduka, basi.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Sielewi kwa nini bakteria ahangaike na mota yote hiyo. Si angepiga tu mkia kushoto kulia kama samaki? Mbona samaki anafika?
*Mdadisi*

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndo lenyewe, na ningekuwa na nafasi ningelipa kurasa zote.

Samaki anafika kwa sababu anayasukuma maji nyuma, maji yanaondoka na mwendo wake, na yeye akiacha kupiga mkia bado anaserereka. Wewe pia ukiogelea, ukijisukuma ukutani kwa miguu unateleza mita mbili tatu bila kufanya chochote. Kumbe kinachokubeba pale ni uzito wako ulio kwenye mwendo, na kinachokuzuia ni mnato wa maji, yaani ule ung'ang'anizi wa maji kutotaka kupishana. Kwa mwili wako uzito unashinda kwa mbali. Kuna namba inayolinganisha hivyo viwili, inaitwa namba ya Reynolds, kwa heshima ya Osborne Reynolds aliyechapisha majaribio yake ya maji kwenye mabomba mwaka 1883. Kwa muogeleaji namba hiyo inafika malaki. Kwa bakteria ni kama 0.00003.

Hiyo sio kusema bakteria ni muogeleaji dhaifu! Urefu wake ni mikromita 2, ukiwapanga 500 kwenye mstari ndo unapata milimita moja, na bado anakwenda mikromita 20 mpaka 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara kumi ya urefu wake. Mtu wa mita 1.7 akienda hivyo ni zaidi ya kilomita 60 kwa saa, majini. Tatizo ni kwamba kwake maji sio yale unayoyajua wewe. Ukipungua ukubwa, uzito wako unapungua haraka sana kuliko ngozi yako inayokwaruzana na maji, ukifika ukubwa wa bakteria uzito hauna sauti tena, umebaki mnato mtupu, kama mtu katupwa kwenye lami. Edward Purcell, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa na Nobel yake ya 1952 kwa mambo mengine kabisa, mwaka 1976 alitoa mhadhara kuhusu hili akapiga hesabu: bakteria akizima mota, ataserereka umbali gani kabla hajasimama? Jibu ni pungufu ya upana wa atomu moja. Na muda wake haufiki hata sehemu ya milioni moja ya sekunde. Yaani anasimama pale pale alipozima.

Sasa chukua hiyo halafu rudi kwenye mkia wako wa kushoto kulia. Kama hakuna kuserereka, maji hayana kumbukumbu ya ulichofanya sekunde iliyopita, kilicho na maana ni umbo lako lilivyobadilika, basi. Ukipeleka mkia kulia unasogea kidogo upande huu, ukiurudisha kushoto kwa njia ileile unarudi ulikotoka, na hapa wengi ndo wanapobisha: hata ukienda taratibu na kurudi kwa kasi, haisaidii. Purcell alitumia mfano wa kombe wa baharini, mwenye maganda mawili na bawaba moja, anayefungua polepole na kufunga kwa nguvu ili ajirushe. Baharini anajirusha. Mfanye mdogo kama bakteria, atafungua na kufunga mpaka uzeeni na atabaki alipo, maana bawaba moja inajua kwenda na kurudi tu.

Kwa hiyo sharti la kutembea huko chini ni kufanya kitu ambacho ukikirekodi na kukirudisha nyuma kinaonekana tofauti. Springi inayozunguka inatimiza, kwa sababu haina kurudi, inazunguka tu. Wimbi linaloanzia kichwani kwenda mkiani linatimiza pia, ndo ujanja wa mbegu za kiume. Mkia mgumu unaopepea kushoto kulia kwa bawaba moja hautimizi.

Bado utaniuliza, sawa inazunguka, lakini kuzunguka kunageukaje kuwa kwenda mbele? Hapa usiniamini, jaribu. Tafuta gliserini, ijaze kwenye glasi ndefu, kata vipande viwili vya waya mwembamba wa shaba kama sentimita moja kila kimoja na uvinyooshe vizuri. Kimoja kidondoshe kikiwa wima, kingine kikiwa kimelala. Kilicho wima kitashuka haraka zaidi, kwa nadharia karibu mara mbili, ingawa kwenye glasi haitatoka mara mbili kamili maana kuta zinaingilia. Halafu fanya la tatu, kidondoshe kikiwa kimeinama. Hakitashuka wima! Kitashuka huku kinatambaa pembeni, na kitabaki na mwinamo wake uleule mpaka chini. Maana yake maji mazito yanauachia uzi upite kirahisi kwa urefu wake kuliko kwa ubavu, ukiusukuma kwa mshazari unakimbilia kule kwenye urahisi. Sasa springi ni nini kama sio waya ulioinama kila mahali? Kila kipande chake kinasukumwa ubavu na mota, kila kipande kinateleza kidogo kuelekea upande mmoja, jumlisha vyote, bakteria huyo anakwenda.

(Mimi mara ya kwanza nilifanya na asali kwa sababu ndo ilikuwa karibu. Ilikuwa nyeusi, sikuona waya wala kivuli chake, na kuosha ile glasi ni habari nyingine. Tumia gliserini.)

Nimeona video ya zamani ya chembe nyeupe ya damu inamfukuza bakteria katikati ya chembe nyekundu mpaka inamkamata. Haina mkia, haina miguu. Inatembeaje, na inajuaje bakteria kaenda wapi?
*Mpenzi wa sayansi*

Hiyo video naijua, ilipigwa na David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt miaka ya 1950, nadhani hakuna kipande cha filamu ya bayolojia kilichotazamwa kama kile. Inachangamsha kwa sababu unaona kama paka na panya. Ila usisahau imeharakishwa, chembe ile kwa hali halisi inakwenda kama mikromita 10 kwa dakika au zaidi kidogo, ni kobe.

Hii haiogelei, inatambaa, na kutambaa kunataka vitu vitatu: kusukuma mbele, kushika chini, na kuvuta nyuma. Ya kushika ni protini za kwenye ngozi zinazong'ang'ania pale chini kisha zinaachia, ya kuvuta ni miosini, jamaa wa ile inayokunja misuli yako. Nataka kukaa kwenye ya kusukuma maana ndo yenye uhondo.

Ndani ya seli kuna protini inaitwa aktini, vipande vidogo vinavyounganika kuwa nyuzi za unene wa nanomita 7. Mbele ya seli nyuzi hizi zinarefuka zikiwa zimeegemea ngozi ya seli, na kila kipande kinachoongezwa kinarefusha uzi kwa nanomita 2.7. Sasa uzi umeshagusa ngozi, nafasi ya kuongeza kipande iko wapi? Jibu ni kwamba huko chini hakuna kinachotulia. Joto la kawaida tu linafanya kila kitu kitetemeke, ule mtikisiko alioushangaa Robert Brown mwaka 1827 akiangalia punje ndogo majini, na Einstein akaupigia hesabu mwaka 1905. Ngozi inatetemeka, uzi unatetemeka, mara nafasi inafunguka kidogo, kipande kinachomekwa fasta, ngozi ikitaka kurudi inakuta pamezibwa. Umewahi kuona watu wawili wanasogeza kabati zito, mmoja anatikisa na mwenzie kila likiinuka kidogo anasukumia kabari? Ndo hivyo. Anayetikisa ni joto, mwenye kabari ni aktini. Mwaka 1993 Charles Peskin, Garrett Odell na George Oster waliiandikia hesabu na ikaonekana nguvu inatosha, piko-nyutoni chache kwa kila uzi, na nyuzi ni nyingi.

Kuna watu hawakutaka kuamini kwamba kurefuka kwa uzi peke yake kunaweza kusukuma kitu. Wahuni wawili wamethibitisha. Wa kwanza ni bakteria anayeitwa Listeria, akiingia ndani ya seli yako anaiba aktini yako, anaitengeneza nyuma yake kama mkia wa kimondo, na anasukumwa nao kutoka seli moja kwenda nyingine. Wa pili ni gololi ya plastiki. Ndiyo, gololi ndogo ukiipaka protini moja tu ya huyo Listeria na kuiweka kwenye uji wa protini za seli, inaota mkia uleule na kuondoka. Plastiki!

Halafu kuna hili la mwaka 1984, Ursula Euteneuer na Manfred Schliwa walikuwa wanafuatilia seli za ngozi ya samaki, ambazo kwa kutambaa ni bingwa, wakaona hata kipande kilichomeguka kutoka kwenye seli, kisicho na kiini, kinaendelea kutambaa chenyewe kama hakuna kilichotokea. Kwa hiyo ukiangalia video yako tena ukasema chembe "inaamua", kumbuka hiyo mitambo ya kutambaa haihitaji makao makuu.

Kujua bakteria kaenda wapi: bakteria anaacha harufu ya kemikali, na chembe nyeupe ina upana wa kama mikromita 10, inaweza kulinganisha harufu iliyoko ubavu huu na ubavu ule kwa wakati mmoja, aktini inaota zaidi palipo na harufu kali. Bakteria mwenyewe anapotafuta chakula hatumii njia hiyo kwa vile mwili wake ni mdogo mno, tofauti kati ya kichwani na mkiani karibu haipo. Yeye analinganisha sasa na sekunde chache zilizopita, mambo yakiwa yanaboreka anachelewesha kupinduka, yakiharibika anapinduka mapema. Tangu mwanzo mpaka mwisho wa safari anachofanya ni hicho, na anafika.

Na virusi je, vinatembeaje?
*Msomaji*

Havitembei. Havina mota wala chakula cha kuendeshea, vinatikiswa na joto, vinabebwa na majimaji na hewa na watu. Vikishaingia ndani ya seli vingine vinapandishwa kwenye kinesini na daineini, zile protini zinazobeba mizigo kwa kupiga hatua za nanomita 8 juu ya mirija midogo ya ndani ya seli, ila huo ni usafiri wa seli, virusi ni abiria asiye na tiketi.

Eti mbegu za kiume zinashindana mbio na yenye nguvu ndo inashinda?
*Tumebishana*

Mbio zinatiwa chumvi. Mbegu ina urefu wa kama mikromita 50 hadi 60 na inakwenda takriban urefu wake kwa sekunde, tuseme milimita 3 kwa dakika ikinyooka, na hainyooki. Sehemu kubwa ya safari inasaidiwa na misuli ya kizazi kujikaza. Inachofanya vizuri ni kugeukia mkondo, majimaji yakitiririka kuja kwake inapanda kinyume chake, jambo ambalo Kiyoshi Miki na David Clapham waliandika mwaka 2013, na hilo halihitaji akili, mwili mwembamba ulio karibu na ukuta unageuzwa na mtiririko wenyewe. Bishaneni kitu kingine.

Habari ndugu mhariri. Mdogo wangu tangu mtoto kamasi na kikohozi haviishi, juzi kapigwa picha ya kifua ikaonekana moyo uko kulia. Daktari katuambia yote mawili yanatokana na "silia". Moyo na kamasi vinahusiana vipi? Au tumesikia vibaya?
*Dada mkubwa*

Dada yangu, hamjasikia vibaya, na poleni na hicho kikohozi. Matibabu mfuate daktari, mimi nitakuambia fizikia tu.

Silia ni vinyweleo vilivyopanga mstari kwenye njia ya hewa, vinapiga kama makasia mara 10 hadi 20 kwa sekunde na kupandisha kamasi juu pamoja na vumbi na vijidudu. Kumbuka sharti letu la kutorudi kwa njia ileile: kinyweleo kinapiga mbele kikiwa kimenyooka, kinarudi kikiwa kimejikunja karibu na ukuta. Ndani yake kuna jozi 9 za mirija zilizozunguka mirija 2 ya katikati, na katikati ya hizo jozi kuna vikono vya daineini vinavyozivuta zipishane. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden aliwachunguza wanaume wasiozaa wenye mafua yasiyoisha, akakuta vikono hivyo havipo. Silia zimesimama, kamasi haipandi. Mikia ya mbegu zao, ambayo imejengwa kwa mitambo hiyohiyo, nayo imesimama. Na baadhi yao moyo ulikuwa kulia.

Hilo la moyo lilikaa kama kitendawili mpaka 1998, ambapo kundi la Nobutaka Hirokawa huko Japani liliangalia kijusi cha panya kikiwa bado kichanga kabisa, kabla hata moyo haujaegemea upande. Kuna kishimo chenye silia za aina nyingine, nyingi hazina ile mirija 2 ya kati, na hizi hazipigi kasia, zinazunguka. Zote upande mmoja. Zimeinamia kidogo kuelekea mkiani, kwa hiyo nusu ya mzunguko zinapita juu mbali na ukuta na kuyabeba majimaji, nusu nyingine zinapita chini karibu na ukuta ambako mnato unayakaba yasisogee. Matokeo yake majimaji yote ya kile kishimo yanatiririka kwenda kushoto, na mwili unautumia mtiririko huo kujua kushoto ni wapi. Mwaka 2002 Shigenori Nonaka na wenzake, hukohuko Japani, walivitia vijusi vya panya kwenye mkondo wa bandia unaokwenda kulia, na pande zikageuka.

Silia zisipozunguka mtiririko haupo, na mwili unachagua kwa bahati, kama kurusha sarafu. Ndo maana takriban nusu ya wenye tatizo kama la mdogo wako moyo wao uko kushoto kama kawaida na wanabaki na kikohozi tu, na wao wanachelewa zaidi kugunduliwa, kwa sababu picha ya kifua haiwashtui madaktari.